Maswali Yenu ya Kiingereza, na Mkato Ulionitia Aibu

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike kurasa mbili tatu juu ya maswali ya Kiingereza ambayo wanafunzi huniletea kila muhula. Nimekubali kwa furaha, maana maswali hayo hayana mwisho. Wengine huniuliza darasani, wengine hunisimamisha njiani niendapo kunywa chai, na wengine huandika katika vipande vya karatasi na kuviacha juu ya meza yangu bila jina, kwa haya. Maswali ya vikaratasi ndiyo mazuri kuliko yote, kwa sababu mwenye haya huuliza lile analotaka kulijua hasa.

Kabla ya kuyajibu, napenda wazazi wanaosoma gazeti hili wafahamu jambo moja. Watoto wetu hutoka Musoma mjini, Bunda, na vijiji vya Butiama. Nyumbani wengi wao husema Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya, Kijaluo au lugha nyingine ya mkoa wetu. Shule ya msingi ya serikali huwafundisha kwa Kiswahili. Wakiingia Kidato cha Kwanza, hesabu, jiografia, fizikia na karibu masomo yote mengine huwajia kwa Kiingereza. Basi kwa wengi Kiingereza ni lugha ya tatu. Mtoto akikosea, si mjinga. Mara nyingi amechukua desturi ya lugha aijuayo vema na kuipeleka mahali isipotumika. Nitajaribu kuonyesha kila kosa limetoka wapi, maana ajuaye njia ya mwizi hajui tu kulia, hujua na mlango wa kufunga.

Swali la kwanza: Mbona nasema "he" ninapomtaja mama?

Mwanafunzi huandika hivi: "My mother he is selling fish." Ndani ya sentensi hii fupi mna makosa mawili, na yote mawili yametoka katika Kiswahili safi.

Kosa la kwanza ni "he". Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Lugha yetu hutaka kujua kama tunasema habari za mtu, mti au kitu. Haiulizi kama mtu huyo ni baba au mama. Kiingereza ndicho kiulizacho: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke.

Kosa la pili wengi hawalioni. Kwa Kiswahili twasema "Mama yangu anauza samaki." Hatuwezi kusema "Mama yangu nauza samaki", maana ile "a" lazima iwepo ingawa mama amekwisha kutajwa. Mwanafunzi akifika kwenye Kiingereza huitafuta ile "a", na asipoiona huweka "he" mahali pake. Lakini Kiingereza kikimtaja mama mara moja hutosheka. Tena, ikiwa kuuza samaki ndiyo kazi yake ya siku zote, sema: "My mother sells fish." Ukisema "My mother is selling fish", maana yake yuko sokoni sasa hivi, au ndiyo shughuli yake ya siku hizi.

Swali la pili: Lini niandike "a", na lini niandike "the"?

Fikiri habari hii. "I saw a boat at Mwigobero. The boat was full of dagaa." Mara ya kwanza msomaji hajui ni mashua gani, ndiyo maana tumesema "a boat". Mara ya pili amekwisha kuijua, nasi twasema "the boat". Hata sisi twafanya hivyo tukisimulia: "Niliona mashua moja Mwigobero. Ile mashua ilijaa dagaa." Tofauti ni kwamba kwa Kiswahili waweza kuacha "moja" na "ile" na hakuna atakayekulaumu, lakini kwa Kiingereza huwezi kuacha. Basi kabla ya kuandika jina la kitu kimoja, jiulize: Je, huyu nimwandikiaye amekwisha kujua ni kipi? Kama hajui, andika "a". Kama anajua, andika "the". Kanuni hii haimalizi mambo yote, lakini itakuvusha mahali pengi.

Swali la tatu: Kwa nini "at", "to", "in" na "from" hunisumbua?

Kwa sababu sisi tuna neno moja litoshalo kote. Tazama: "Naenda shuleni. Nipo shuleni. Natoka shuleni." Neno "shuleni" halikubadilika hata kidogo, kitenzi ndicho kilichoeleza kama mtu anakwenda, yupo au anatoka. Kiingereza kinataka jambo hilo lionyeshwe tena karibu na mahali penyewe: "I am going to school. I am at school. I am coming from school." Anayeandika "I went at Bunda" ametafsiri ile "ni" kwa kubahatisha. Sema "I went to Bunda." Na ukifika, sema "I arrived in Bunda", si "to Bunda".

Kuna na kosa la kinyume, yaani kuongeza neno lisilotakiwa. Kwa Kiswahili twajadiliana juu ya jambo, kwa hiyo wengi huandika "We discussed about the matter." Lakini "discuss" limekwisha kubeba ile "juu ya" ndani yake. Sema "We discussed the matter", basi.

Swali la nne: Je, naweza kutafsiri misemo yetu ili insha ipendeze?

Mwaka mmoja kijana aliandika katika insha yake: "My grandfather has eaten a lot of salt." Sisi tulielewa mara moja kuwa babu huyo ni mzee mwenye kuyajua mengi. Mwingereza angesoma na kumhurumia, akidhani ameshauriwa na daktari apunguze chumvi. Msemo si jumla ya maneno yake. Ni mapatano ya watu wa lugha moja. Ukiutoa kwao, mapatano hubaki nyuma na maneno huenda peke yake.

Hata neno moja huweza kutudanganya. Mtu akijikwaa twasema "Pole!", ingawa hatukumsukuma sisi. Kwa hiyo twamwambia na Mzungu "Sorry!" Naye hutushangaa, na pengine hujibu kwamba si kosa letu. Kwake, mara nyingi anayesema hivyo kwa mtu aliyejikwaa ndiye aliyemkwaza. "Pole" yetu ni huruma. "Sorry" yake mahali hapo ni kuomba radhi. Wala msione haya kwa hili, kwani kwa Kiingereza cha Afrika ya Mashariki tunaelewana vizuri sana. Jueni tu kwamba kwa mgeni neno hilo lina njia nyingine.

Na wale wanaokariri misemo ya Kiingereza na kuipachika katika kila insha, nawaonya kwa upole. Sentensi nyepesi iliyo sahihi hushinda msemo uliopachikwa vibaya.

Swali la tano: Mkato huwekwa wapi?

Swali hili ndilo limeletwa na wengi kuliko yote. Na jibu ambalo wengi walipewa utotoni ni hili: weka mkato pale unapovuta pumzi. Nami nilifundishwa hivyo, nikawafundisha na wengine hivyo, mpaka siku niliyoaibika. Yafaa niwaelezeni habari hiyo, maana ni kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa kijana bado, nikifundisha shule nyingine ya bweni katika mkoa huu huu. Wiki ile nilikuwa mwalimu wa zamu. Tulikagua mabweni, tukakuta wanafunzi sita wa Kidato cha Kwanza hawana vyandarua. Ninyi mnajua mbu wa kandokando ya Ziwa Victoria walivyo, na malaria haina mchezo. Ikaamuliwa hao sita waende kwao siku ya Ijumaa wakalete vyandarua. Nikaketi nikaandika tangazo kwa Kiingereza, nikalibandika ubaoni:

"The Form One boarders, who have no mosquito nets, will go home on Friday to fetch them."

Niliweka mikato miwili pale pale nilipovuta pumzi, nikajiona nimeandika vizuri. Ijumaa asubuhi nikaingia bwenini nikakuta vitanda vitupu. Kidato cha Kwanza chote kimekwenda! Jumatatu yake nikawauliza kwa ukali, na mmoja aliyekijua Kiingereza kuliko wenzake akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, tangazo lilisema sote." Nikaenda ubaoni kulisoma tena, nikaona kwamba kijana alikuwa na haki. Ni kweli pia kwamba hakuna mtoto wa bweni apingaye tangazo la kumpeleka nyumbani. Walakini tangazo lilikuwa langu.

Kosa lilikuwa nini? Maneno "who have no mosquito nets" yakifungwa kwa mikato miwili, huwa ni habari ya nyongeza tu. Waweza kuyatoa na sentensi ikabaki: "The Form One boarders will go home on Friday." Yaani wote hawana vyandarua, na wote waende. Lakini yasipofungwa kwa mikato, huwa ndiyo yanayochagua ni akina nani:

"The Form One boarders who have no mosquito nets will go home on Friday to fetch them."

Hapo wanakwenda wale tu wasio navyo. Hao ndio sita wangu. Mkato haukuwa pumzi, ulikuwa mlango. Ulieleza nani yumo na nani hayumo.

Aibu yangu haikuishia hapo. Jumapili mchana alikuwa amekuja mzee mmoja kutoka kijiji cha upande wa Butiama, pamoja na mwanawe, na mfuko mkononi. Akanisalimu, akaketi, akatoa chandarua kilichokunjwa vizuri, akaniuliza, "Mwalimu, chandarua hiki kina kosa gani? Niliuza mbuzi nikakinunua muhula ulipofunguliwa. Mtoto ameniambia kimekataliwa." Kumbe yule kijana aliposoma tangazo, na chandarua anacho, alidhani chake hakikubaliwi, akakirudisha kwao kibadilishwe. Baba yake hakuwa na fedha ya kununua kingine. Alilala usiku kucha akifikiri amuuze nani, mwishowe akaazimia kuja kuuliza.

Siku ile mimi nilikuwa bado sijaliona kosa. Nilimwambia kwamba mtoto hakuelewa Kiingereza. Mzee akamtazama mwanawe, mwana akainama. Jumatatu nilipolisoma tangazo upya na kutambua kwamba asiyejua Kiingereza nilikuwa mimi, nilifedheheka sana. Nilimwita kijana yule nikamwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilikuwa nimemshtaki bure mbele ya baba yake. Na muhula ulipofungwa nilikwenda kwao kumwona mzee. Nikamrudishia nauli, nikamwandikia ile sentensi katika karatasi na kumwonyesha ile mikato. Akaitazama kwa muda, akasema, "Vialama hivi vidogo hivi ndivyo vilivyonitoa kwangu?" Nikasema, "Ndiyo, Mzee, ni hivi." Akacheka, nami nikacheka, lakini cheko langu lilikuwa fupi.

Tangu siku hiyo sifundishi tena kwamba mkato ni pumzi. Nafundisha mambo matatu.

La kwanza ni hilo nililolieleza: fungu la maneno linaloanza kwa "who" au "which" hufungwa kwa mikato likiwa habari ya nyongeza tu, na huachwa wazi likiwa ndilo linalochagua. "My brother, who lives in Bunda, is a teacher": ndugu yangu ni mmoja, na kwa nyongeza nakuambia anakaa Bunda. "My brother who lives in Bunda is a teacher": ninao ndugu wengi, nami nasema habari za yule wa Bunda. Kiswahili nacho chaweza kukanganya hapo. Tukisema "Wanafunzi wasio na vyandarua waende kwao", hapana shaka. Bali tukiandika "Wanafunzi, ambao hawana vyandarua, waende kwao", twaweza kumtaabisha mzee wa watu vile vile.

La pili, mkato peke yake hauna nguvu ya kuunga sentensi mbili nzima za Kiingereza. Kosa hili hutoka katika uzuri wa Kiswahili. Twasema, "Alifika Bunda, akashuka, akanunua mkate." Ile "ka" ndiyo iungayo, na mkato husaidia tu. Mwanafunzi hutafsiri hivi: "He arrived in Bunda, he got off, he bought bread." Kiingereza hakina "ka". Lazima uweke "and", au nukta: "He arrived in Bunda, got off and bought bread." Ukitaka kuandika mikato mitatu katika mstari mmoja, simama kwanza uulize: "ka" yangu iko wapi?

La tatu, katika orodha mkato hutenga kitu na kitu: "We bought rice, beans, salt and fish." Wengine huongeza mkato mwingine kabla ya "and", wengine hawauongezi, na wote wana desturi yao. Lakini zipo sentensi ambazo mkato huo wa mwisho una thamani kubwa. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja orodha ya kazi ambazo wafanyakazi wake hawana haki ya malipo ya saa za ziada. Mwisho wa orodha hiyo palikuwa na maneno "packing for shipment or distribution", na mkato haukuwapo kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakadai malipo yao. Walisema kazi iliyotajwa pale ni moja, yaani kufungasha, ama kwa kupeleka ama kwa kugawa. Na wao hawafungashi, bali wanagawa. Kampuni ilisema kazi ni mbili, kufungasha na kugawa. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno yale yana utata, ikaamua upande wa madereva. Na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Basi asiniambie mtu kwamba mkato ni kitu kidogo.

Mwisho, vijana wengine huniuliza kama mtoto wa Mara aweza kweli kukijua Kiingereza mpaka mwisho. Jibu liko Butiama. Julius Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922, katika nyumba ya Kizanaki. Mwaka 1934 akaanza shule ya Mwisenge, hapa Musoma. Kisha akaenda Tabora, Makerere, na Edinburgh. Mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Je, aliridhika? Hapana. Aliirudia kazi ile ile akaitengeneza upya, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye kazi nyingi kama zile alipata nafasi ya kurudi katika sentensi alizokwisha kuzipiga chapa. Mimi nilishindwa kusoma mara ya pili tangazo la mstari mmoja.

Kwa hiyo neno langu kwa wanafunzi ni hili. Unapomaliza kuandika barua, insha au tangazo, usiulize tu kama limependeza. Lisome tena kama wewe ndiye unayelipokea huko kijijini, na mwandishi hayupo wa kukueleza. Na kwa waalimu wenzangu: kabla hatujasema mtoto hakuelewa, tuyatazame kwanza maandishi yetu.

Zoezi la likizo. Elezeni tofauti ya sentensi hizi mbili, kwa Kiswahili, mbele ya mzazi au mlezi:

"The fishermen who had no lamps stayed at Makoko."

"The fishermen, who had no lamps, stayed at Makoko."

Mzazi akielewa ni wavuvi wangapi walibaki ufukoni, basi na wewe umeelewa. Vikaratasi vyenu navingoja muhula ujao, na safari hii msione haya kuandika majina.